"Polisi wanasema meseji zimefumbwa, kwa nini serikali isipewe ufunguo?"

*Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Binti yangu ana miaka 14, kwa miezi kadhaa alikuwa anachati WhatsApp na mtu aliyejifanya kijana wa umri wake kumbe ni mtu mzima, akamlaghai mpaka akamtumia picha zisizofaa na sasa anamtishia kuzisambaza. Nilienda polisi, aliyenipokea akasema meseji za WhatsApp zimefumbwa hazisomeki, hata kampuni yenyewe haiwezi, na ndo maana serikali mbalimbali zinataka sheria ya kulazimisha kampuni zitoe ufunguo. Kusema kweli naunga mkono, mimi sina cha kuficha. Kwa nini nyie watu wa teknolojia mnapinga? Na sheria kama hizo zikipita meseji zetu zitakuwaje, nihamie programu nyingine?*

Dada yangu, pole sana, na pole kwa binti yako. Nitajibu yote uliyouliza lakini naanza na jambo ambalo aliyekupokea kituoni hakukwambia, manake hili halisubiri sheria yoyote ipite: meseji za binti yako zinasomeka. Zinasomeka leo, kwenye simu yake mwenyewe. Kufumbwa mwisho hadi mwisho maana yake ni kwamba meseji inafungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea, huko katikati ndo hakuna anayeweza kuisoma, awe kampuni, awe mtoa intaneti, awe polisi. Ila kwenye zile simu mbili iko wazi kabisa, na moja ya simu hizo iko nyumbani kwako. Kesi yenu ina nafuu hiyo ambayo kesi nyingi hazina, aliyetendewa anayo mazungumzo yote mkononi na yuko tayari kuyatoa.

Kwa hiyo tafadhali simu hiyo isiguswe hovyo. Najua mzazi akigundua kitu kama hiki mkono unakimbilia kufuta kila kitu, au kumnyang'anya mtoto simu na kuirudisha ilivyotoka kiwandani, na hapo ushahidi wote umekwenda. Usifute mazungumzo, usiondoe WhatsApp, usibadilishe namba. Angalia kama meseji za kutoweka zimewashwa, ukizizima zitakazokuja zitabaki lakini zilizokwisha kutumwa zitaendelea kufutika muda wake ukifika, hivyo chukua simu nyingine upige picha skrini ya hii ya binti: namba ya huyo mtu, jina na picha aliyoweka, tarehe, saa, maneno ya vitisho, ukipanda juu taratibu mpaka mazungumzo yalipoanzia. Picha za mtoto mwenyewe usizipige wala usizitume kwa mtu yeyote, hata kwa askari kupitia WhatsApp, kwa sababu nchi nyingi kuwa na nakala ya picha ya namna hiyo au kuisambaza ni kosa hata nia ikiwa njema. Zibaki humohumo na simu yenyewe ifike mkononi mwa mpelelezi. Msimlipe huyo mtu chochote, na binti asimtumie picha nyingine hata moja kwa ahadi yoyote ile, akipewa moja atarudi kudai ya pili.

Ukishahifadhi ndo umripoti ndani ya WhatsApp. Ukiripoti, meseji tano za mwisho alizomtumia binti yako zinakwenda kwa kampuni zikiwa wazi, zinatokea kwenye simu yenu ndo maana inawezekana. Ila pale pale kwenye kuripoti kuna chaguo la kumbloku na kufuta mazungumzo, soma vizuri kabla ya kubonyeza usije ukafuta.

Afu rudi polisi, safari hii ulizia kitengo cha makosa ya mtandao au kitengo cha watoto, na waombe waiandikie kampuni ihifadhi kumbukumbu za ile akaunti. WhatsApp wanapokea maombi hayo kutoka vyombo vya sheria na wanashikilia kumbukumbu kwa siku 90 wakati taratibu za mahakama zinafuatwa. Maneno ya kwenye meseji hawatayatoa kwa sababu hawana, lakini wanaweza kutoa akaunti ilifunguliwa lini, ilionekana mara ya mwisho lini, na anwani za IP, yaani namba ambazo simu yake ilitumia kuingia mtandaoni, na hiyo IP ndo inampeleka mpelelezi kwa mtoa intaneti na mwisho wa siku kwenye mlango wa mtu. Programu hazilingani kwa hili. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba wapelelezi wa Marekani walikuwa wameitaka Signal, programu nyingine ya meseji zilizofumbwa, itoe taarifa za watumiaji, na ilichokuwa nacho kuhusu akaunti ilikuwa tarehe ya kufunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa na seva, yaani kompyuta ya kampuni, basi.

Sasa ufunguo wenyewe. Wengi wanaamini kampuni inao ila inakataa tu kuutoa, kwa hiyo hakimu akisaini amri kazi imekwisha. Haiko hivyo. Binti yako alipoweka WhatsApp, simu yake ilijitengenezea jozi ya funguo, yaani namba mbili kubwa mno zinazohusiana kihesabu. Mmoja ni wa wazi, unapelekwa kwenye seva ili kila anayetaka kumwandikia autumie, na mwingine ni wa siri, huo hautoki kwenye simu kamwe. Simu mbili zikishapeana zile za wazi, kila moja inachanganya wa wazi wa mwenzake na wa siri wa kwake, na zote zinafika kwenye jibu moja ambalo seva iliyokuwa inapitisha mawasiliano haiwezi kulipata hata ikiwa imeona kila kilichopita. Hesabu hiyo Diffie na Hellman waliichapisha mwaka 1976, sio siri ya kampuni fulani, mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuiandika mwenyewe. WhatsApp waliiwasha kwa watumiaji wote Aprili 2016, na juu yake kila meseji inapata ufunguo wake unaotupwa ukishatumika.

Kwa hiyo sheria ikisema "toeni ufunguo" hakuna cha kutoa. Kinachodaiwa hasa ni kampuni ibadilishe programu yake ili uwepo mlango ambao leo haupo, na programu ni moja tu, ileile iliyo kwenye simu yako, ya binti yako, ya hakimu na ya huyo mhalifu. Huwezi kuilegeza kwa mhalifu peke yake kwa sababu programu haijui mhalifu ni nani. Mimi na wenzangu wengi wa fani hii hatupingi polisi kufanya kazi yao, tunachokataa ni mlango huo, na nataka nikuonyeshe kwa nini kwa mambo yaliyokwisha kutokea.

Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilileta chipu ya kufumba mazungumzo ya simu, ikaitwa Clipper, nakala ya ufunguo wa kila chipu ikigawanywa nusu mbili na kila nusu kushikwa na taasisi tofauti ya serikali ili mmoja peke yake asiweze kitu. Kwenye karatasi inavutia. Mwaka uliofuata mtafiti Matt Blaze akaonyesha kwamba ule ukaguzi wa kuhakikisha kifaa kimeiachia serikali njia ulisimama kwenye namba ya biti 16, yaani uwezekano 65,536 tu, idadi ambayo kompyuta inaipitia yote kwa muda mfupi, hivyo mwenye ujuzi angeweza kutumia chipu hiyo hiyo na serikali ikabaki nje. Ukiangalia nani alibaki wazi hapo ni mwananchi wa kawaida, nakala ya ufunguo wake iko kabatini, na yule mjanja aliyekusudiwa ndo kashatoka. Mradi ukafa.

Ugiriki ndo mfano unaoniuma zaidi. Mitambo ya kampuni moja kubwa ya simu ilikuwa imejengwa na uwezo wa kusikiliza simu kwa amri ya serikali, kitu halali cha kisheria. Mwaka 2004 mtu au kikundi kikaingia kwenye mitambo, kikapandikiza programu iliyouamsha uwezo huo kimyakimya, na kwa miezi kadhaa simu zaidi ya 100 zikawa zinanakiliwa kwenda kwenye simu za pembeni, ikiwemo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis na za mawaziri. Iligundulika Machi 2005. Wadukuzi hawakulazimika kubuni njia ya kusikiliza, waliikuta imeshajengwa.

Na kama utasema hayo ni ya zamani, mwaka 2024 Marekani walikiri kwamba wadukuzi waliohusishwa na China wameingia kwenye kampuni zao kubwa za simu na kunakili baadhi ya taarifa zilizokuwa zinafuatiliwa kwa amri za mahakama. Sheria inayozilazimisha kampuni hizo ziwe na uwezo wa kusikilizwa ni ya mwaka 1994, kwa hiyo miaka 30 baadaye mlango wa polisi ukawa na wageni wengine. Desemba ya mwaka huo huo shirika la serikali yao la usalama wa mtandao likawaandikia viongozi na maafisa walio hatarini zaidi watumie meseji zilizofumbwa mwisho hadi mwisho. Nchi ambayo vyombo vyake vya upelelezi vimelalamikia ufumbaji kwa miaka ndo ikawaambia watu wake wakajifiche humo humo.

Mfano mdogo wa kushikika: kufuli za mabegi ya safari ambazo wakaguzi wa viwanja vya ndege Marekani wanazifungua kwa funguo zao za jumla. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post likachapisha picha ya funguo hizo, na mwaka uliofuata watu wakachora nakala kutokana na picha ile ile na kuzichapa kwa printa za 3D, zikafungua. Begi unaweza kununua kufuli nyingine. Meseji za mtoto zikishavuja hazirudi.

Hapo ndo nafika kwenye "sina cha kuficha". Nakuelewa, hujafanya kosa lolote. Lakini binti yako anacho cha kuficha, dada, na ni haki yake. Zile picha, shule anayosoma, njia anayopita, mazungumzo yake na wewe na daktari, hivyo vyote vinasafiri vimefumbwa. Anayetafuta watoto mtandaoni angependa sana mlango huo uwepo, na watu wa namna hiyo wamo kila mahali, wamo hata kwenye ofisi zenye ruhusa ya kufungua mafaili. Mwanamke aliyekimbia mume anayempiga, na huyo mume ni askari, yeye anaishi kwa kutegemea mlango huo usiwepo.

Kuna pendekezo la kati ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko mengine kwa sababu linagusa hasa kilichompata mwanao. Ni kwamba meseji ibaki imefumbwa, ila simu yenyewe iikague picha kabla haijafumbwa. Picha inageuzwa kuwa namba ndefu, namba inalinganishwa na orodha ya namba za picha za unyanyasaji wa watoto zinazojulikana, zikifanana taarifa inatolewa. Apple walitangaza mpango wa aina hiyo Agosti 2021, kelele zikawa nyingi wakausimamisha, Desemba 2022 wakauacha kabisa. Ulaya nako Mei 2022 Tume yao ilileta pendekezo la sheria ambalo linaweza kufika huko huko. Shida ni kwamba orodha inakamata picha zilizokwisha kujulikana tu. Picha mpya ya binti yako isingekuwemo, wala yale maneno ya kumlaghai wiki baada ya wiki. Ili uyakamate hayo lazima mashine isome mazungumzo ya kila mtu na kukisia, na mashine inayokisia kwenye mabilioni ya meseji, hata ikikosea mara chache sana, inawatupia polisi rundo la wasiohusika, mama aliyemtumia daktari picha ya kipele cha mtoto naye yumo. Halafu orodha yenyewe haionekani, leo ina picha za unyanyasaji, kesho anayeitunza akiongeza bango la maandamano wewe mwenye simu utajuaje?

Sitaki kukudanganya kwamba upande wetu hauna gharama. Unayo. Kuna kesi ambazo ushahidi ulikuwa kwenye meseji na haukupatikana kamwe, na waliotendewa ni watu halisi, mtu wa teknolojia anayesema hilo ni dogo hajawahi kukaa na mzazi kama wewe. Ninachosema ni kwamba zipo njia nyingine zinazofanya kazi. Baada ya mauaji ya San Bernardino ya Desemba 2015, ambako watu 14 waliuawa, FBI walikwenda mahakamani kutaka Apple iandike programu ya kuilegeza simu ya mmoja wa wauaji, Apple ikakataa, Machi 2016 FBI wakaondoa shauri kwa sababu wameshaingia kwa msaada wa watu wengine. Mwaka 2020 polisi wa Ufaransa na Uholanzi waliingia kwenye mtandao wa simu za EncroChat zilizopendwa na magenge, na mwaka 2021 ikajulikana kwamba ANOM, programu ya meseji ambayo wahalifu waliiamini, ilikuwa inaendeshwa na FBI wenyewe, wakakamatwa zaidi ya watu 800 nchi mbalimbali.

Kudukua simu ya mtuhumiwa nako kuna hatari zake, zana zikiuzwa hovyo zinaishia kwa wasiostahili, mwaka 2019 WhatsApp walisema watumiaji kama 1,400 walilengwa kwa programu ya kijasusi ya Pegasus, wakiwemo waandishi wa habari na watetezi wa haki. Ila hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua, nachagua simu moja ya mtu mmoja kwa amri ya hakimu anayejua anachosaini, kuliko programu ya watu wote kulegezwa kwa pamoja. Gharama ya kuingia kwenye simu moja moja ndo inayomfanya askari achague nani anastahili.

Kisheria mambo yanasukumana. Uingereza ina sheria ya mwaka 2016 inayoruhusu kuiamuru kampuni iwe na uwezo wa kutoa data, na Februari 2025, baada ya kuripotiwa kwamba Apple imepewa amri ya siri ya namna hiyo, Apple iliacha kuwapa watumiaji wapya wa Uingereza ule ulinzi wa ziada wa hiari unaofumba bekapu, yaani nakala za akiba, za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Hapo unaona jibu la swali lako la zitakuwaje, mara nyingi kampuni haijengi mlango ila inaondoa kinga yenyewe kwa nchi nzima, na wasiojua hata hawagundui. Australia walipitisha ya kwao 2018, wakaandika kwamba kampuni isilazimishwe kuweka udhaifu wa jumla kwenye mfumo, na mabishano ya udhaifu wa jumla ni upi hayajaisha. Februari 2024 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwenye shauri la Urusi kudai meseji za Telegram zifumbuliwe, ilisema takwa linalolegeza ufumbaji kwa watumiaji wote halilingani na lengo linalotafutwa. Mswada ukija kwenu usikubali kubishania jina lake, uliza nani anaruhusu, ni hakimu au afisa peke yake, inamhusu mtuhumiwa mmoja au programu nzima, na kampuni inaruhusiwa kuwaambia watumiaji au imefungwa mdomo.

Kuhama programu, kwa sasa hapana, hujapata sababu. WhatsApp na Signal zote zinafumba bila wewe kufanya kitu, Signal inatunza taarifa chache zaidi. Telegram watu wanaiamini kupita kiasi, mazungumzo yake ya kawaida na makundi hayajafumbwa mwisho hadi mwisho, mpaka ufungue yale ya siri. Kitu ambacho wengi wanasahau ni bekapu. Meseji zikipelekwa kwenye bekapu ya kawaida ya wingu zinaweza kupatikana huko, tangu 2021 WhatsApp ina sehemu ya kufumba bekapu kwa neno la siri, ila ukilisahau hakuna wa kukusaidia, kwa hiyo liandike mahali salama. Na wakati kesi inaendelea usibadilishe chochote kwenye bekapu ya binti mpaka mpelelezi aseme, inaweza kuwa na meseji zilizofutika. Zile programu za kumpeleleza mtoto zinazouzwa mtandaoni usiweke, nyingi zinanyonya kila kilichomo kwenye simu na kukipeleka kwenye seva ya watu usiowajua.

Kuhusu vitisho vya kusambaza, iko huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaodhulumiwa. Inaihesabia picha namba yake hapo hapo kwenye simu, picha yenyewe haiondoki, na mitandao iliyojiunga inaitumia namba hiyo kuiondoa ikionekana. Inafanya kazi sehemu za wazi au zisizofumbwa, ndani ya meseji zilizofumbwa haifiki, lakini huyo mtu anayemtisha kwamba ataziweka watu wote waone anazungumzia hasa hizo sehemu za wazi. Ifanyeni pamoja, wewe na yeye.

Mambo mawili usiyafanye kupitia maandishi. Polisi wakikurudisha tena bila kufungua jalada, nenda na wakili au shirika la kutetea watoto mkiwa mmebeba hiyo simu. La pili ni binti mwenyewe. Watoto wanaotishiwa kwa picha wanabeba aibu ambayo si yao na wengine wanafika kufikiria kujidhuru, kwa hiyo mwambie kwa maneno kabisa kwamba hana kosa na hutamwadhibu, na usimwache peke yake usiku huu wa vitisho. Ukiona halali, hali, amejifungia, au amesema neno lolote la kutotaka kuishi, mpeleke hospitali au kwa mshauri wa watoto siku hiyo hiyo, mambo ya simu yatasubiri.